Kiungo kilichopandikizwa huanza kukataliwa wapi? Uzi kuhusu utando wa ndani ya mishipa ya damu

Jicho_la_Darubini (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu ni kusoma vipande vya figo zilizopandikizwa. Kipande chenyewe ni chembamba kama uzi wa kushonea, kimetolewa kwa sindano, na kinanifikia na swali moja kutoka kwa daktari wa wodini: figo hii inakataliwa, au ina tatizo jingine? Kila ninapoinamia darubini, macho yangu huenda kwanza kwenye mishipa midogo ya damu. Nimeamua kuandika kwa sababu maelezo mengi ninayokutana nayo mitandaoni yanasema "kinga ya mwili inakiona kiungo kuwa kigeni inakishambulia", halafu basi. Si uongo, ila mhusika mkuu ameachwa nje ya hadithi.

Fikirieni dakika ile ya upasuaji. Figo imetolewa kwenye barafu, imepauka. Daktari amemaliza kushona ateri na vena, anaachia vibanio. Damu ya mpokeaji inaingia, figo inageuka waridi huku watu wanaitazama. Sasa jiulizeni, damu ile imegusa nini? Haijagusa nyama ya figo. Imegusa safu moja tu ya seli bapa, zimepangwa kama vigae, zimetandikwa ndani ya kila mshipa kuanzia ateri kubwa mpaka kapilari ambamo chembe nyekundu ya damu inapita kwa kujibana. Wataalamu huita safu hiyo endothelia. Hapa nitaiita utando. Na utando wote uliomo ndani ya figo ile ni wa mchangiaji, maana kilichoshonwa ni maungio tu.

Linganisha na ngozi. Kipande cha ngozi kikipandikizwa hakuna anayeshona mishipa yake. Kinasubiri mishipa ya mwenye mwili iote na kukifikia. Figo, moyo, ini na mapafu havina subira hiyo. Utando wa mtu mwingine unakabidhiwa damu yako kwa mkupuo, na kuanzia hapo unaguswa na kila seli ya kinga inayopita, usiku na mchana.

Ninachotaka kusema katika uzi huu ni hiki: utando huo haukai tu ukingoja kupigwa. Wenyewe ndio unaopiga mbiu. Unaonyesha alama za mchangiaji, unazisimamisha seli za kinga zilizokuwa zinapita zake, kisha unazifungulia mlango. Naendelea sehemu ya pili.

Nimetia_Nanga

Endelea mkuu, nimekaa mkao wa kusoma. Baba yangu mdogo anasafishwa damu kwa mashine na familia inajadili upandikizaji. Andika lugha ya kueleweka tafadhali.

Jicho_la_Darubini

Sawa ndugu yangu, nitajitahidi. Mungu amjalie baba mdogo.

Tuanze na alama. Karibu kila seli yenye kiini imebeba usoni protini zinazoitwa HLA. Jean Dausset alieleza ya kwanza mwaka 1958, na kazi hiyo ikampa tuzo ya Nobel mwaka 1980 pamoja na wenzake wawili. Jeni zake zimejipanga kwenye kromosomu ya 6 na zinatofautiana mno kati ya mtu na mtu. Zipo za daraja la kwanza, ambazo karibu seli zote zinazo, na za daraja la pili, ambazo kwa kawaida ni za seli maalumu za kinga, zile ambazo kazi yake ni kuokota vipande vya vijidudu na kuvionyesha kwa seli T, askari wakuu wa kinga.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa binadamu, utando wa kapilari hubeba daraja la pili hata mwili ukiwa umetulia. Panya wa maabara hawako hivyo. Ukizikuza seli za utando za binadamu kwenye chombo zinaiacha alama hiyo, na ukizimwagia interferoni gama, kemikali ya uchochezi inayotolewa na seli za kinga, zinaivaa tena. Jordan Pober na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale wamelifuatilia suala hili kwa miongo. Maana yake ni kwamba jaribio zuri kabisa la panya linaweza kukuonyesha utando kama mpita njia, wakati kwa mgonjwa wako wodini una kauli.

Lakini alama peke yake haitoshi kuwasha moto. Kuna jeraha.

Kiungo kikitolewa kinahifadhiwa kwenye baridi ya takriban nyuzi 4. Baridi inapunguza mahitaji ya seli, haiyamalizi. Oksijeni hakuna, nishati inaisha, pampu zinazosukuma chumvi nje zinasimama, seli zinavimba, na taka za kemikali zinajilimbikiza. Damu inaporudi na oksijeni yake, taka hizo zinaungua ghafla na kuzaa kemikali kali za oksijeni zinazochoma seli yenyewe. Kile kinachotazamwa kwa furaha chumba cha upasuaji, figo kugeuka waridi, ndani yake kuna mshituko mkubwa.

Utando unaujibu mshituko huo ndani ya dakika chache. Mwaka 1964 Ewald Weibel na George Palade waliona ndani ya seli hizi vifuko vyenye umbo la vijiti. Baadaye ikajulikana vimejaa nini: protini inayonasa chembe sahani, zile za kugandisha damu, pamoja na kulabu iitwayo P-selektini. Seli ikishituka, vifuko hivyo vinapasukia usoni mwake. Haihitaji kutengeneza kitu kipya, akiba ilishawekwa. Saa kadhaa mbele zinaongezeka kulabu nyingine zenye nguvu zaidi. Wakati huohuo lile tabaka laini la sukari na protini lililokuwa limefunika utando kama manyoya mafupi linavuliwa, na kulabu zinabaki wazi.

Chembe nyeupe ya damu inayopita kwa kasi inaguswa na kulabu, inapunguza mwendo, inabingirika kwenye ukuta, inasimama, inajibana kati ya seli mbili za utando na kuingia kwenye nyama ya kiungo. Hakuna seli ya kinga iliyoingia kwenye figo ile bila kwanza kushikwa mkono na utando.

Kwa hiyo usidhani kukataliwa kunaanza siku kinga "inapogundua" mgeni. Mazingira yake yanaandaliwa tangu mchangiaji yuko mezani, na kama mchangiaji amekufa ubongo, yanaandaliwa hata kabla, maana kifo cha ubongo kinamwaga kemikali za uchochezi mwili mzima.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mwaka 1995. Paul Terasaki na wenzake waliangalia figo za Marekani zilizotolewa na mume au mke wa mgonjwa. Wanandoa si ndugu wa damu, HLA zao zinatofautiana kama za watu wawili wowote wa mtaani. Baada ya miaka 3, figo za wenzi zilizokuwa bado zinafanya kazi zilikuwa asilimia 85. Za wachangiaji marehemu, asilimia 70, ingawa hizo kwa wastani zilikuwa zimelinganishwa HLA vizuri zaidi. Za wazazi, asilimia 82. Figo isiyofanana iliyotoka kwa mtu mzima wa afya ikaishinda figo inayofanana zaidi iliyopitia misukosuko. Alama ni zilezile za ugeni. Kilichotofautiana ni hali ya kiungo siku kinafika.

Tiba_Mwaka_wa_Nne

Mkuu shikamoo, mimi ni mwanafunzi. Darasani tumefundishwa kwamba anayeamsha seli T ni seli za dendriti za mchangiaji, zile maalumu za kuonyesha vipande, zinazosafiri ndani ya kiungo. Zinatoka, zinakwenda kwenye tezi za limfu za mpokeaji, zinaonyesha HLA ya kigeni, vita inaanza. Utando hauna CD80 na CD86, protini za usoni zinazotoa ishara ya pili baada ya HLA, na bila ishara hiyo seli T inalala. Sasa utando unaamsha vipi?

Jicho_la_Darubini

Marahaba mdogo wangu. Umefundishwa sawasawa, na swali lako ndilo lililowagawa watafiti muda mrefu.

Ni kweli, seli T changa, ambayo haijawahi kukutana na kazi, haiamshwi na utando. Inahitaji seli ya dendriti. Lakini mtu mzima hana seli changa tu. Amebeba jeshi la seli T za kumbukumbu, wastaafu wa vita na virusi vya utotoni. Hizo hazidai ishara ileile. Utando wa binadamu una CD58, inayoshikana na CD2 ya seli T, una na molekuli nyingine za kuchochea kama ICOS-L na OX40L, na kwa seli ya kumbukumbu hizo zinatosha.

Utauliza: kumbukumbu ya mafua inahusianaje na figo ya jirani? Inahusiana kwa bahati mbaya ya umbo. Mfano uliochunguzwa kwa kina ni seli T zilizozoeshwa kupambana na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu watu wazima wote tumeambukizwa. Kwa baadhi ya watu, seli hizohizo zinamtambua pia mwenye HLA-B44. Mtu hajawahi kuongezewa damu wala kupandikizwa chochote, lakini tayari ana wapiganaji wanaoijua sura ile. Ndiyo maana seli T zinazoweza kuitikia HLA ya mtu mwingine hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 1 na 10 ya seli T zote, ilhali zinazoitikia kijidudu kimoja kipya ni chache kupita kiasi.

Kuna tofauti nyingine ya muda. Seli za dendriti za mchangiaji zinatoka na kufa, baada ya wiki kadhaa zimekwisha. Utando unabaki. Mgonjwa wa mwaka wa kumi hana tena dendriti za mchangiaji, lakini kapilari zake za figo bado zinaonyesha HLA ya mchangiaji.

Halafu angalia belatasepti, dawa ya kushusha kinga iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Inaziba CD80 na CD86 barabara, lakini wagonjwa wake walipata mashambulizi ya mapema mengi kuliko waliotumia siklosporini, dawa ya zamani zaidi ya kushusha kinga. Seli za kumbukumbu zinatajwa kuwa sababu mojawapo kubwa. Upande wa pili, dawa hiyohiyo inapunguza kingamwili mpya, yaani protini za damu za kumshika mgeni, dhidi ya kiungo. Ukiyaweka hayo mawili pamoja unaona kwamba njia za kuamsha kinga ni zaidi ya moja.

Mama_wa_Wawili

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote, mengine yamenipita. Nilimpa mwanangu wa kiume figo miaka sita iliyopita. Mwaka jana aliacha dawa miezi miwili bila kutuambia, alisema anajisikia mzima. Kreatinini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, ikapanda, wakachukua kipande, wakasema kuna kingamwili dhidi ya figo yangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Mwili wake unaikataaje nyama ya mama yake? Sijawahi kupata mtu wa kunieleza nikaelewa.

Jicho_la_Darubini

Mama, shikamoo. Pole sana, na hongera kwa ulichomfanyia.

Mwanao alichukua nusu ya HLA kwako na nusu kwa baba yake. Wewe una seti mbili. Moja ulimrithisha, nyingine hukumrithisha. Figo uliyompa imebeba zote mbili. Ile ambayo hakuirithi, kwa kinga yake ni sura ngeni kabisa. Hakuna alichokikataa kwako kama mama. Ni ile nusu yako aliyoiacha siku anatungwa.

Alipokuwa anameza dawa, seli zake zilikuwa zinaiona nusu hiyo kila siku lakini zinazuiwa kuzaliana. Dawa zilipokatika, seli B zikapata msaada wa seli T na kuanza kutengeneza kingamwili. Kingamwili ni protini iliyomo ndani ya damu. Haihitaji kutoka nje ya mshipa ili imfikie adui, adui yuko palepale kwenye ukuta. Inatua juu ya utando.

Ikishatua, mambo kadhaa yanafuata. Inaweza kuwasha komplementi, mfumo wa protini za damu unaotoboa seli. Kipande kimoja cha komplementi, C4d, kinajishikiza kwenye ukuta wa kapilari na kubaki hata kingamwili yenyewe ikiwa imeondoka. Mimi nikipaka rangi yake naona kapilari zimezungushiwa mstari, mfano wa nyayo za mtu aliyekwisha kupita. Kingamwili inaweza pia kuzivuta seli za kinga ziitwazo NK, zikaudhuru utando bila C4d kuonekana kabisa. Kwa miaka mingi tuliwarudishia madaktari jibu la "hakuna kukataliwa kwa kingamwili" kwa sababu C4d haikuwepo. Mwongozo wa Banff, unaotumiwa na wasomaji wa vipande duniani kote na uliopewa jina la mji wa Kanada walikokutana wataalamu mwaka 1991, ulikuja kukubali mwaka 2013 kwamba hata bila C4d tatizo linaweza kuwepo. Nikikumbuka vipande tulivyosoma kabla ya hapo naumia moyoni, nasema wazi.

Na lipo la tatu ambalo watu hawalitarajii: kingamwili ikizishika HLA mbili kwa pamoja, seli ya utando inapokea amri ndani yake. Haifi. Inaamka, inatoa kulabu, inaanza kuzaliana.

Mama, muulize daktari wake kama wanapima kiwango cha kingamwili hizo kila baada ya muda, na kijana asiongeze wala kupunguza dozi kwa kujisikia. Kujisikia mzima hakusemi lolote kuhusu kapilari za figo, hazina maumivu. Ipo pia habari ya kutia moyo. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya felzartamabu, dawa inayolenga seli zinazotengeneza kingamwili pamoja na zile NK. Walikuwa wagonjwa 22 tu, wa Vienna na Berlin. Kati ya 11 waliopewa dawa, 9 kipande chao cha marudio kilionyesha tatizo limetulia. Kati ya 10 wa upande wa pili, waliopewa dawa bandia, waliopimwa, 2. Dawa iliposimamishwa, kwa wagonjwa 3 kati ya wale 9 lilirudi. Ni utafiti mdogo, lakini kwa ugonjwa huu ambao kwa muda mrefu tumekuwa hatuna cha maana, mimi nimeusoma mara nyingi.

Mama_wa_Wawili

Marahaba mwanangu. Kwa mara ya kwanza nimeelewa. Nusu aliyoiacha. Nitampelekea asome.

Kundi_O

Mkuu, na kundi la damu je? Tunaambiwa A hawezi kumpa O. Kundi la damu si la chembe nyekundu? Utando unaingiaje hapo?

Jicho_la_Darubini

Alama za A na B ni sukari, na utando wa mishipa umezibeba pia. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na B tangu utotoni bila kuchanjwa na mtu. Ukimwekea figo ya A bila maandalizi, kingamwili zinatua kwenye utando wote kwa pamoja, komplementi inawaka, seli zinajikunja na kuacha ukuta wazi, damu inaganda ndani ya kila mshipa. Figo iliyokuwa waridi inageuka rangi ya zambarau mbele ya daktari, ndani ya dakika au saa chache. Hali hiyohiyo humpata mwenye kingamwili za awali dhidi ya HLA, kwa mfano mama aliyezaa na mwili wake ukakutana na HLA za mume kupitia mimba. Mwaka 1969 Patel na Terasaki walionyesha kwamba ukichanganya majimaji ya damu ya mpokeaji na seli za mchangiaji kabla ya upasuaji unaweza kuitabiri hali hii. Kipimo hicho kimeifanya iwe nadra sana.

Kinachonishangaza mpaka leo ni upande wa pili. Ukiziondoa kingamwili za kundi la damu kwa muda, ukapandikiza, zikarudi taratibu, mara nyingi figo inaendelea kuishi. Napaka rangi C4d, kapilari zote zinawaka, na figo ni nzima. Utando umezoea. Unatengeneza ngao zake, protini za kuzima komplementi na za kuzuia seli kujiua. Wajapani wamefanya hivi kwa figo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa vichanga ni rahisi zaidi, kwa kuwa kingamwili zao bado hazijaota: mwaka 2001 timu ya Toronto ilitoa taarifa ya watoto 10 waliopewa mioyo ya makundi yasiyolingana.

Na mwaka 2022, Toronto hukohuko, walichukua mapafu ya binadamu wa kundi A, wakayaweka kwenye mashine inayoyapitishia majimaji, wakatia vimeng'enya vilivyotokana na bakteria wa utumbo. Ndani ya saa 4 zaidi ya asilimia 97 ya sukari ya A ilikuwa imekatwa. Mapafu hayo hayakuwekwa kwa mgonjwa, lilikuwa jaribio. Lakini wazo lake ni zuri mno: usimguse mgonjwa, mwoshe mgeni uso kabla hajaingia.

Msomaji_Kimya

Nina moyo wa mtu mwingine kifuani, miaka minane sasa. Kila mwaka wananiingiza mrija kuangalia mishipa ya moyo na mimi sijawahi kuumwa kifua hata siku moja. Niliwahi kufikiria kukataa.

Jicho_la_Darubini

Kaka, usikatae. Tena naomba ulisome hili polepole.

Moyo ulipokatwa kwa mchangiaji, mishipa yake ya fahamu ilikatwa pia. Ateri zako zikiziba, ile sauti ya maumivu ya kifua inayowaokoa wengine kwako huenda isisikike. Mrija ule ndio sauti yako.

Na kuziba kwenyewe si kule kwa mafuta kunakokaa upande mmoja wa mshipa mahali fulani. Huku ni kunenepa kwa ukuta pande zote, kwa urefu wote wa ateri, mpaka matawi madogo kabisa. Chanzo chake ni utando unaochokozwa kidogokidogo kwa miaka, na kingamwili, na seli T, na virusi vya saitomegalo, hata na kolesteroli. Kila ukichokozwa unaita seli za misuli laini zilizo chini yake, zinahamia ndani, zinazaliana, zinatandaza kovu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta unajengwa kweli, ndani ya mshipa, mpaka njia inabaki tundu la sindano.

Ufa unazibika kwa kiasi. Mwaka 1995 Jon Kobashigawa na wenzake walionyesha kwamba pravastatini, dawa ya kolesteroli, ikianzishwa mapema baada ya kupandikizwa moyo inapunguza unene huo na vifo vya mwaka wa kwanza. Dawa za kushusha kinga za jamii ya everolimusi nazo zinapunguza, kwa kuwa zinagusa amri ileile ya seli kuzaliana niliyomweleza Mama. Muulize daktari wako unatumia zipi na kwa nini.

Kwenye figo nami naliona, kwa sura nyingine: ukuta wa kapilari za vichujio unajikunja mara mbili, kama njia ya reli. Nikiliona hilo najua utando umeumia na kujijenga upya mara nyingi. Ila kinachonifanya niite mwenzangu aje aangalie ni kitu kidogo zaidi, seli nyeupe moja iliyojipenyeza chini ya utando wa ateri. Moja tu. Inatosha kubadilisha jibu ninaloandika.

Tiba_Mwaka_wa_Nne

Naongezea kitu mkuu. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ilipandikizwa kwa mafanikio tarehe 7 Desemba 1905 na Eduard Zirm huko Olomouc, karibu nusu karne kabla ya figo ya mapacha wa Boston ya 1954, na bila dawa ya kushusha kinga. Konea haina mishipa ya damu! Nilikuwa najua tarehe hizo zote mbili lakini sijawahi kuziweka pamoja.

Jicho_la_Darubini

Umeniachia kitu kizuri hapo. Na madaktari wa macho watakuthibitishia: konea ya mgonjwa ikiwa tayari imeotwa na mishipa kwa sababu ya kidonda au maambukizi, hatari ya kukataliwa inapanda sana. Angalizo moja ili usichanganyikiwe kwenye mtihani: konea ina safu yake ya ndani inayoitwa pia endothelia, lakini hiyo si ya mishipa ya damu, na ndiyo inayoharibiwa konea ikikataliwa. Jina moja, kazi mbili.

Hoja_Kwanza

Nina hoja. Kama utando ndio chanzo, kwa nini wasiuondoe wakaweka wa mgonjwa mwenyewe? Au wabadilishe jeni zake kabla? Naona habari za nguruwe zinasema wamebadilisha jeni.

Jicho_la_Darubini

Hoja nzuri. Kwa nguruwe, sehemu kubwa ya mabadiliko hayo inaulenga utando. Mishipa ya nguruwe imepakwa sukari iitwayo alfa-gali ambayo binadamu hatuna, na sote tuna kingamwili dhidi yake kwa kuishi na bakteria wa utumbo. Figo ya nguruwe wa kawaida ingekufa kama nilivyomweleza Kundi_O hapo juu. Moyo wa nguruwe uliopandikizwa kwa mgonjwa huko Maryland, Marekani, mwezi Januari 2022 ulikuwa na mabadiliko 10: sukari tatu za nguruwe zimeondolewa, jeni ya ukuaji imezimwa, na jeni sita za binadamu zimeongezwa, kati yake za kuzima komplementi na za kuzuia damu isigande juu ya utando, kwa sababu vizuia-mgando vya nguruwe havielewani vizuri na damu yetu. Mgonjwa aliishi takriban miezi miwili. Uchunguzi baada ya kifo haukukuta sura ya kawaida ya kukataliwa, lakini ulikuta kapilari zimeharibika na chembe nyekundu zimevujia kwenye misuli ya moyo. Mimi niliposoma pale nilisimama. Kapilari tena.

Kuuondoa utando wote na kuotesha mwingine ni kazi ngumu mno kwa kiungo kizima. Ukuta ukibaki mtupu hata kwa muda mfupi, damu inaganda. Mashine za kupitishia kiungo majimaji nje ya mwili ndizo zinazonipa tumaini, kwa sababu zinatoa saa kadhaa za kuuhudumia utando wenyewe, kuulisha, kuupunguzia uchokozi, pengine siku moja kuzima HLA zake.

Ila kuna jambo mwili unalifanya wenyewe kidogokidogo. Mwaka 2001 kundi la watafiti wa Uholanzi lilichunguza figo zilizopandikizwa na kukuta kwamba baadhi ya seli za utando wa kapilari hazikuwa tena za mchangiaji. Zilikuwa za mpokeaji. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi, nikadhani mwili unamzoea mgeni kwa kumvisha nguo zake. Kumbe seli hizo zilikuwa nyingi zaidi kwenye figo zilizowahi kukataliwa kwa njia ya mishipa. Mwili ulikuwa unaziba mapengo ulikoua. Kwa hiyo nikikuta kapilari nzuri, tulivu, za figo ya miaka kumi na tano, najua kuna uwezekano mkubwa kwamba seli zile bado ni za yule aliyetoa.

Nimetia_Nanga

Mkuu, shangazi yangu amejitolea kumpa baba mdogo, wiki ijayo wanakwenda kupimwa. Mbali na kundi la damu, tuulizie nini?

Jicho_la_Darubini

Ulizeni kama watafanya kipimo cha kuchanganya majimaji ya damu ya baba mdogo na seli za shangazi, na kama wametafuta kingamwili za HLA kwenye damu yake. Semeni wazi kama amewahi kuongezewa damu, hata mara moja, hata zamani. Watu husahau hilo. Mpe shangazi salamu zangu za heshima.